Maneno ya Mama Mkwe

Ndugu zangu, wageni mliotoka Kyela mjini na ninyi wa kule ziwani, karibuni Ipinda. Nimeambiwa nisimame nisome kazi mpya. Sina kazi mpya. Nina jambo langu na watu wawili, na wote wawili wamenipa ruhusa niliseme, mradi nisiwataje. Safari hii niliomba kwanza.

Mimi ni muuguzi, mtu wa kuja, kwetu Singida. Siri za wagonjwa nimezibeba miaka yote, hakuna iliyowahi kunitoka. Nilijiamini sana kwa hilo.

Kikundi chetu cha waandishi kina desturi. Kabla hatujasoma, kila mmoja anatoa habari za kwake. Mtoto kaugua, mpunga umezama, tunapeana pole, ndipo tunasoma. Jumamosi moja dada mmoja, mkulima wa kakao kule Bujonde, akatoa habari ya ndoa yake. Ilikuwa nzito, na zaidi ya hapo sisemi. Akatueleza mpaka maneno aliyoambiwa na mama mkwe wake. Akalia, nikamshika mkono. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, huku nimemshika mkono nilikuwa nayakariri yale maneno yasinipotee.

Nikaandika hadithi. Jina nikabadilisha, nyumba nikaihamishia ufukweni, mume nikamfanya mvuvi. Nikajiona mjanja. Lakini maneno ya mama mkwe sikuyagusa, yalikuwa matamu mno. Hadithi ikasomwa redioni. Na nyie mnajua watu wanavyoanika kakao, redio iko pembeni inaongea kutwa. Yule mama akasikia maneno yake mwenyewe.

Kikaitwa kikao cha ukoo. Dada akaambiwa anatoa ya ndani nje, akarudishwa kwao na begi lake. Mimi wakati huo napokea pongezi kwenye simu, naitikia asante, asante.

Nilipopata habari, kalamu niliiweka chini. Sikuandika tena hata mstari. Kikundini sikuja, Jumamosi nikawa naomba zamu kazini makusudi. Ningekuja kukaa wapi mimi, na kiti chake kitupu? Siku moja mwenyekiti wetu, mama mstaafu mnayemwona pale anajifanya hasikii, akanifuata nyumbani. Nikamlilia. Akaniuliza, "Unamlilia yeye, au unajililia?"

Nikajifuta machozi.

"Haya, vaa. Ulisema redioni, kaseme na uani kwa wakwe zake."

Tukaenda Bujonde. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamwambia, "Mama, mkamwana wako hakumtuma mtu. Alitueleza sisi tumpe pole. Aliyeyachukua maneno na kuyatangaza ni mimi."

Aliendelea kugeuza kakao yake mpaka magoti yakaniuma. Kisha akauliza, "Watu waliyapenda, hayo maneno yangu?"

"Waliyapenda, mama."

"Mimi siyapendi," akasema. "Siku ile nilikuwa na hasira."

Hakunifukuza. Alinipa kigoda nikakaa, tukaletewa chai, hatukuongea mengi. Baada ya siku chache akamtuma mwanawe amfuate mke wake.

Basi, mwenyekiti, ndaga fijo, asante sana. Ungeniacha nilie nyumbani, ningekuwa nalia hadi leo na yule dada yuko kwao. Mama wa Bujonde naye namshukuru hapa, ingawa hayupo. Na ninyi vijana mnaoanza kuandika, habari anayokupa mtu ili umpe pole si mali yako. Muombe. Akikunyima, iache ipite, hata kama ni tamu namna gani. Mimi nimeanza kuandika tena, polepole, na ninaandika ya nyumbani kwangu. Kumbe yapo mengi, nami nilikuwa nayaonea aibu.

Dada amerudi kwake, na kikundini amerudi. Anaandika vizuri kutupita sote. Amenisamehe, alinitamkia mwenyewe, nami namwamini. Ila zamu ya habari ikimfikia, anasema, "Kwangu salama tu," anafungua kazi yake, anaanza kusoma.