Presha Iliyopimwa kwa Jina la Oliva

Marehemu Oliva Hermani Sulle alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Nambis, wilayani Mbulu, mtoto wa kwanza wa mzee Hermani na mama Benedikta. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Judica, mdogo wake. Nilivaa magauni aliyoyachoka.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1979 hadi 1985. Zawadi ya usafi ilikuwa yake kila mwaka. Nilimwonea wivu, na sioni haya kusema.

Alijifunza ushonaji, akaweka cherehani yake soko la Mbulu. Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Nicodemo, mwanamume ambaye mimi ndiye niliyemwona kwanza, kwenye basi la Basotu. Haya, yakapita. Ndoa yangu ilipovunjika dada alinipokea kwake, akanipa chumba kizuri kuliko chake. Hata wema wake uliniudhi.

Agosti 2023 walikuja watu wa utafiti wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza. Tulikuwa sokoni, shemeji ndiye aliyetaja majina yetu. Kila nyumba hupimwa mtu mzima mmoja, na kishikwambi ndicho huchagua. Kikamchagua Oliva. Nilinuna jioni nzima, nikasema hata mashine za serikali zinamjua yeye tu. Akacheka.

"Basi nenda wewe, sema wewe ndiye Oliva. Mimi nina sare za kumaliza, wala siumwi."

Asubuhi shemeji akiwa shambani, nilipimwa presha, kiuno na sukari. Maswali ya chumvi na pombe niliyajibu kwa jina lake. Presha ikawa nzuri, nikaleta karatasi nyumbani nikijidai.

Novemba 2024 dada alianza kuumwa kichwa. Shemeji alisoma ile karatasi, akasema presha siyo, ni uchovu wa kushona. Dada aliniangalia, akanyamaza ili asiniaibishe. Nami nikanyamaza, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemshinda kitu.

Tarehe 3 Februari 2025 alianguka. Daktari alisema ni kiharusi, presha ilikuwa juu kwa miaka. Alifariki tarehe 6.

Ameacha mume, watoto watatu, Hilary, Rogathe na Yonas, wajukuu wawili, na mimi. Shemeji, wanangu, presha ile nzuri ilikuwa yangu. Kwenye takwimu za taifa Oliva ni mzima hadi leo. Mungu ampumzishe kwa amani. Mimi mtanihukumu tukishamzika.