Mkufunzi Alikuwa Amekubali

Wapendwa, nashukuru kwa nafasi hii. Nitasema taratibu, na nikinyamaza mnisubiri kidogo.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha darasa la pili Ubaruku, huku najifunza ualimu kwa posta. Mkufunzi wangu alikuwa Iringa. Mtihani ulipokaribia, mama yangu akawa mgonjwa wa kitandani, hageuki bila kushikwa. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Nikamwandikia mkufunzi kuomba nifanye mtihani baadaye. Kimya. Nikaandika ya pili, na ya tatu. Kila nikienda posta kuulizia naambiwa, "Mwalimu, hamna kitu."

Ndugu zangu, niliogopa. Asiyefika bila ruhusa alikuwa anafutwa. Nikamwomba jirani, mama mmoja wa Kisukuma, amwangalie mgonjwa. Mama yangu akaniuliza, "Utarudi lini?" Nikamwambia, "Jumamosi, mama." Nikapanda lori la mpunga kwenda kufanya mtihani.

Jumamosi nilikuta watu wamekaa uani kwetu. Walikuwa wamemzika Alhamisi. Jirani alinishika mikono akasema, "Alikuulizia mara mbili, mwanangu. Nikamwambia uko njiani." Alhamisi hiyo mimi nilikuwa najibu maswali ya hesabu.

Baada ya hapo sikuwa mtu. Siwafichi: niliwachapa watoto wa watu kwa makosa madogo kabisa. Mwisho nikaenda Iringa, nia yangu nimtukane mkufunzi yule mbele ya wenzake.

Nilipotaja jina langu alifungua droo, akatoa barua zangu. Mbili zilikuwa bado zimefungwa. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa, na pembeni ameandika kwa mkono wake: "Akubaliwe." Tarehe ilikuwa wiki tatu kabla ya mtihani. Alikubali, akairudisha drooni, ikakaa.

Aliisoma tena. "Nilidhani nimekujibu," akasema. Matusi niliyokwenda nayo yote yaliniishia. Nilikaa sakafuni nikalia.

Karani wa pale, mama mtu mzima, alinichukua nyumbani kwake Ipogolo, akanilaza, akanipikia uji siku tatu. Siku ya kuondoka akaniambia, "Hasira hiyo ni haki yako. Lakini hao watoto unaowachapa hawakumkosea mama yako."

Neno hilo ndilo lililonirudisha. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikawaomba msamaha watoto wa miaka minane. Mmoja akasema, "Shikamoo, mwalimu," na wengine wakafuata.

Mtihani nilifaulu. Cheti chenyewe sikuweza kukitazama mwaka mzima. Mkufunzi nilimsamehe, na ziko siku inabidi nimsamehe upya.

Namshukuru jirani aliyemfumba mama macho, na karani yule, na wale watoto. Nanyi nawaomba jambo moja. Mtu akikuandikia, mjibu. Hata kama ni hapana, mwambie mapema, ajue la kufanya. Mimi ningepata neno lile moja kwa wakati wake, mama angeondoka nimemshika mkono.