Dereva Aliyeogopa kwa Niaba Yetu

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mzee Vioo atakabidhi ufunguo wa gari la chama chetu baada ya miaka ishirini na miwili ya kushika usukani wake. Kwa wageni mnaosoma haya huku mkisubiri hotuba: chama chetu ni kile kidogo kinachowatetea wafanyakazi wa viwanda vya nguo za kuuzwa ng'ambo, na Mzee Vioo ni yule bwana aliyekaa karibu na mlango. Msimwombe asogee mbele. Hatasogea.

Jina hilo alipewa na washonaji. Aliongeza kioo kimoja juu ya kile cha kawaida, kisha vingine pembeni, mpaka gari likafanana na saluni. Kila asubuhi aliinama kuchungulia uvunguni kabla ya kuwasha injini. Mratibu wetu, dada asiyejua kunyamaza, alikuwa akimtania, "Mzee, umepoteza kuku?" Naye alikuwa akimjibu bila kuinuka, "Nikimpata, wewe ndiye utakayekimbia wa kwanza."

Alikuwa mwoga na hakuona haya kulisema. Sababu alikuwa nazo. Siku moja mtu asiyejulikana alimpigia simu mkewe, muuguzi wa zamu ya mchana, akamtajia rangi ya mkoba wa shule wa binti yao, akakata. Hakutukana wala kutisha. Alitaja rangi tu. Tangu siku hiyo Mzee Vioo hakupita njia moja mara mbili mfululizo, na sisi abiria wake tulizoea kufika kila mahali kwa kuzunguka.

Tulipomcheka, hatukujua tunacheka nini. Tulikuja kujua mwaka ule kiwanda kimoja kilipoungua.

Moto ulianzia stoo ya vitambaa. Milango ya ukumbi wa kushonea ilikuwa imefungwa kwa kufuli kutoka nje, ili watu wasitoke kabla ya muda. Wengine waliokolewa kupitia dirisha la choo. Wengine hawakuokolewa. Uongozi ulitangaza kwamba milango ilikuwa wazi na kwamba wafanyakazi walichanganyikiwa kwa moshi. Maduka ya ng'ambo yanayonunua nguo hizo yalituma wajumbe kuja kusikiliza, na aliyekubali kusema mbele yao alikuwa mmoja tu, mshonaji ambaye viganja vyake vilibabuka kwa kulisukuma bati la mlango ule.

Asubuhi ya mkutano Mzee Vioo alimchukua yeye pamoja na mratibu kuelekea hotelini. Hawakufika mbali, pikapu nyeupe isiyo na namba ikajitokeza nyuma yao. Akakata kona, nayo ikakata. Akapunguza mwendo, nayo ikapunguza. Mratibu anasema shati la mzee lililowa mgongoni kana kwamba amemwagiwa maji.

Mshonaji akamwonea huruma. "Baba, kama unaogopa nishushe tu, nitapanda basi."

"Naogopa, mwanangu. Tena sana. Ndiyo maana sikushushi hapa."

Akaingia stendi ya mabasi kwa mlango wa kuingilia, akaligeuza gari likakaa kimshazari, akaziba njia yote, kisha akaegemea honi. Yaliyofuata mnaweza kuyawazia. Makondakta walikuja wakifoka, madereva wakateremka, abiria wakatoa vichwa madirishani, na kila mmoja akawa na tusi lake la kumpa. "Sasa," aliwaambia wanawake wale bila kugeuka. "Ingieni basi lolote linaloondoka." Walipotea katikati ya watu. Yeye akabaki akitukanwa, kwa sababu gari lake lingeondoka, pikapu ingejua kwamba aliowabeba wameshateremka.

Fujo ilipotulia, gari letu lilikutwa pale likiwa na mlango wazi. Mwenyewe hakuwepo.

Tulizunguka vituo vyote vya polisi. Kila kimoja kilituelekeza kingine. Mkewe alikuja ofisini na sare yake ya kazi, akakaa kwenye benchi, akakataa chai. Hakulia. Alituuliza swali moja, "Mnaye dereva mwingine?" Hatukumwelewa. Akasema, "Mtafuteni, maana huyu akirudi simrudishi kwenu."

Alirudi wiki iliyofuata, pekupeku, ametupwa kando ya barabara kuu. Aliomba maji, akaomba dirisha lifungwe, akakaa na mgongo ukutani. Ndipo akauliza kwa sauti ambayo hatukuitambua, "Alisema?"

Alisema. Aliwaonyesha wajumbe viganja vyake, wakaacha kuandika. Maduka yale yalikataa kununua tena mpaka makufuli yang'olewe, na yaling'olewa, pale na katika viwanda jirani. Mshonaji alilazimika kuhamia mji mwingine, na hatusemi upi. Waliomchukua mzee hatujawajua mpaka leo. Huenda tunapanga nao foleni dukani.

Tulidhani hataligusa gari tena, na mkewe alituapia hivyo. Lakini kabla mwezi haujaisha mzee alifika na gari, mkewe akiwa ameketi kiti cha mbele, amenuna, amekumbatia mkoba wake. "Amesema ataendesha," alitueleza. "Nami nimesema nitakuwepo." Siku nyingi baada ya hapo, kila alipokuwa na mapumziko, tulibeba muuguzi.

Mzee wetu, asante. Asante shemeji, uliyetuazima mumeo huku moyo ukikudunda. Milango iliyofunguliwa haitawataja, lakini wanaopita humo jioni wakienda kwa watoto wao ni wengi. Tunawatakia nyumba tulivu na usingizi mzito. Lala, mzee. Sisi tuliobaki tutaogopa kwa zamu.