Adelard Rwegasira na Viazi Sukari vya Temeke

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Temeke na nyote mlioacha shughuli zenu Kigamboni na Msasani mkaja kulia pamoja nasi, familia imemtuma Gozbert, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, naye anaomba mumvumilie pale sauti itakapogoma.

Adelard Rwegasira alizaliwa tarehe 14 Machi 1911 katika kijiji cha Kanyigo, Bukoba, akiwa kifungua mimba wa Mzee Kaijage na Mama Kokuberwa, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1920 hadi 1926, ambako, tuseme kweli kwa kuwa tuko mbele ya padri, sifa zake zilikuwa nyingi bustanini kuliko darasani. Mwaka 1930 alivuka ziwa hadi Mwanza, akapanda garimoshi, akashuka Dar es Salaam na mbegu za kabichi zilizofungwa kwenye leso, akaajiriwa kutunza bustani za nyumba za Wazungu, na tarehe 24 Oktoba 1936 akafunga ndoa na Demetria, ambaye leo amekaa hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Apolonia mwaka 1938 na Kokuberwa, aliyepewa jina la bibi yake, mwaka 1941.

Mwaka 1942, vita vilipofanya sukari iwe ya mgao na watu wakanywa chai chungu, Bwana Shamba mmoja alipata mbegu za viazi sukari, vile viazi vyeupe ambavyo huko Ulaya hukamuliwa sukari kama sisi tukamuavyo miwa, akafungua bustani ya majaribio hapa Temeke, akamfanya Adelard msimamizi na kumpa nyumba mumo humo bustanini. Kiangazi cha kwanza majani yalinawiri, lakini viazi vilipokatwa vilikuwa vimeoza kiini, vyeusi tititi, na kiangazi cha pili ikawa vivyo hivyo, pamoja na samadi yote na mbolea za dukani, pamoja na Adelard kumwagilia kila jioni mpaka mabega yakachubuka, hata Bwana Shamba akasema kwa masikitiko kwamba cha tatu kikiharibika bustani itafungwa. Maana yake Adelard angepoteza kazi na nyumba siku moja, naye ana mke na watoto wadogo, na kwa mara ya kwanza ndugu zake walimwona akikosa usingizi.

Jirani wa bustani alikuwa Mzee Sadallah Mwinjuma, dobi, mwenyeji wa Temeke tangu enzi za babu zake, aliyezoea kumwaga maji ya kazi yake kwenye uzio, na Adelard, ambaye hasira zake zilikaa karibu sana na ulimi, alimgombeza kwamba anamwulia viazi, akachimba mfereji wa kuyageuza maji yale, na tangu hapo wakawa hawasalimiani, mmoja akitoka mwingine anaingia ndani. Basi Demetria alipokwenda kuchimba masalia ayachemshe kwenye uji wa watoto, akaona kwamba viazi vya tuta la uzioni, vile vilivyokunywa maji ya dobi kabla ya mfereji, vilikuwa vyeupe hadi ndani, akavipasua, akaviweka mbele ya mumewe.

Adelard alikaa navyo kutwa nzima, kisha akameza kiburi chake, akaenda barazani kwa jirani yake na kusema, "Shikamoo, Mzee Sadallah, nimekuja kuomba yale maji." Mzee akaitikia marahaba, akamtazama, akasema, "Maji ulonikataza mwenyewe, leo wayatakia nini?" Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akamwonyesha kopo la boraksi, unga mweupe ambao madobi huchanganya kwenye wanga ili kola za mabwana zing'ae, akamfungia kiasi kwenye karatasi.

Ndugu waombolezaji, marehemu alikuwa mtu wa pupa, hilo halifichiki, akautawanya unga ule kwa viganja, na baada ya juma moja majani ya tuta zima yakaungua kingo, akaona mwisho umefika. Lakini safari hii hakugombana na mtu, akachukua mmea ulioungua, kiazi kizima na ule unga, akampelekea Bwana Shamba, ambaye alijipiga paji la uso, kwa maana alikwisha kusoma kwamba kwao Ulaya viazi hupewa unga huo, ila hakuwaza kwamba mchanga wetu ndio uliopungukiwa. Akapima kijiko kimoja kwa debe zima la maji, akamweleza kwamba udongo ukikauka mzizi haupati kitu hata kama kimo, hivyo Adelard akaacha kunyunyiza juu juu kila jioni, akawa anashibisha matuta kila baada ya siku moja na kuyafunika kwa nyasi kavu. Septemba 1944 viazi vilitoka vyeupe, Demetria akachemsha shira, mtaa mzima ukanywa chai tamu, na kikombe cha kwanza alipewa dobi.

Bustani haikufungwa, na hata sukari ya dukani iliporudi aliachiwa kulima bitiruti na kabichi, akafundisha watu mpaka Boko na Kigamboni, na hakuna aliyefundishwa ambaye hakuonywa kuhusu kijiko.

Aprili 1957 alianza kuugua ini, akalazwa Julai, akafariki Jumatano tarehe 11 Septemba 1957, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Apolonia, ambaye sasa ni mwalimu. Wasiwasi wake wa mwisho haukuwa kifo, ulikuwa kiangazi, kwamba nani atamwagilia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake waliochonga jeneza, Mama Zuena na majirani wote waliopika na kukesha, na Mzee Sadallah, ambaye kwa umri wake hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki kitandani, lakini leo, kabla hatujaamka, alikwisha kuvuta maji kisimani na kumwagilia matuta yote. Pumzika kwa amani, kaka, bustani imekunywa.