Ndoo Yenye Kumwaga Maziwa

Ukifika Sake, pale barabara ya Goma inakutana na ya Masisi na ya Minova, usiulize kijiwe iko wapi. Sikiliza tu kelele. Benchi ni ubao moja juu ya mawe ya volkano, mbele ya kioske ya foto ya Astrid. Kahawa wanakunywa ni yangu, mimi Geneviève, na masikio wanayochosha ni yangu pia. Kila asubuhi wako watatu. Papa Radio, jina la ubatizo Athanase, analima maharagi kule Lushebere, lakini anavuna habari kuliko maharagi. Turbo, jina la kweli njo Sylvain, ni motard, dereva wa pikipiki, mwenye moto yake inalala kuliko mutoto muchanga. Na Furomaji, njo Narcisse, anashusha maziwa na furomaji, jibini ya kwetu, kutoka milima ya Masisi. Hiyo siku, kwa mara ya kwanza, walikuwa na kitu ya maana ya kubishania. Astrid alitoka mu kioske, tumbo mbele, akakaa katikati yao na kuapa kama leo hatagusa souris, ile panya ya kompyuta, hata kwa kidole.

TURBO: Souris imekuuma?

ASTRID: Cheka tu. Leo ninaenda Bweremana kwa mama, kuzaa. Kioske inabaki na Kampire. Kama leo hawezi kumaliza foto ya kadi ya kitambulisho yeye pekee, ninafunga. Na mwenye nyumba aliisha kuniambia: mulango ikifungwa, anaipatia mwingine.

Kampire, musichana mwenye kumusaidia Astrid mule ndani, tunamujua. Ni mutoto wa wafugaji wa kule juu, hakusoma, lakini akishika kamera hata mutoto mwenye kulia anatabasamu. Shida yake ilikuwa moja tu. Foto ya kadi inataka nyuma nyeupe, na kitambaa nyeupe mu vumbi ya Sake ni nyeupe asubuhi tu. Kwa hiyo nyeupe inawekwa mu ordinateur, njo kompyuta. Mu programu ya Astrid kuna alama ndogo ya ndoo yenye kuinama. Unafinya ile ndoo, unafinya nyuma ya muntu, nyeupe inajaa mara moja. Kampire alikuwa anakataa kugusa ile ndoo! Anachukua alama ya burashi, anapaka kidogo kidogo kuzunguka masikio ya muntu, mupaka mwenye foto anasinzia pale ku benchi na kuniomba kahawa ya bule.

PAPA RADIO: Mimi shida naijua. Ile programu ni ya bule, na kitu ya bule wanakupatia nusu. Wahenga walisema: mukono mutupu haulambwi.

ASTRID: Papa, haiko bule ya kutupa. Iko sawa salongo, ile kazi ya pamoja ya mutaa. Watu wa inchi nyingi, kila mumoja anatengeneza kipande yake ya barabara, na barabara inakuwa ya wote. Ukiona shimo, unawaandikia, ao unaliziba mwenyewe.

TURBO: Salongo! Sasa nimeelewa. Ku salongo hakukosekane muntu mwenye kuegemea jembe. Ule njo walimupatia kazi ya ndoo.

PAPA RADIO: Hapana! Muliangalia zile alama? Zote kijivu juu ya kijivu. Walizichora vile kwa kusudi, satelite isizione.

FUROMAJI: Satelite inatafuta nini mu foto ya kadi?

PAPA RADIO: Masikio. Wanahesabu masikio ya watu. Radio ilisema.

MIMI: Radio gani ile?

PAPA RADIO: Mama Geneviève, maji yakimwagika hayazoleki.

Hivyo njo anafanyaka. Ukimubana mu kona, anakutupia methali, kisha anakunyooshea kikombe. Nikamuambia methali yake haina kazi hapa, aihifazi kwa kesho. Lakini Astrid hakucheka. Aligeuka, akamuangalia muzee vizuri.

ASTRID: Papa Radio, leo umesema kweli: shida ni kumwagika, na wewe mwenyewe hujue.

PAPA RADIO: Ninajua!

ASTRID: Hujue. Mimi nilimukemea Kampire siku nyingi. Nilimuita muvivu, nilimuita kichwa nguvu. Kisha nikachoka, nikakaa chini, nikamuuliza polepole: dada, juu ya nini unaogopa ndoo? Akaniambia: «Angalia mwenyewe. Ndoo inainama, na kitu inamwaga ni nyeupe. Kwetu maziwa haimwagwe kwa kusudi, ng'ombe zinakauka. Unataka nikae hapa kutwa muzima ninamwaga maziwa, na ng'ombe za baba yangu ziko kule juu?»

Turbo alipasuka na kicheko mupaka kahawa ikamutoka mu pua. Furomaji hakucheka hata kidogo.

FUROMAJI: Unacheka nini, wewe? Mimi pia niliionaka ile ndoo, siku Astrid alinitengenezea foto. Nilifunga macho.

TURBO: Wewe? Mwanaume muzima?

FUROMAJI: Mwanaume mwenye ng'ombe. Wewe uko na moto isiyotoa hata siagi.

MIMI: Basi, muache mama mwenye mimba aseme!

ASTRID: Bon. Niliwaandikia wale wenye kutengeneza programu, na kifaransa yangu ya shule. Nikasema: ndoo yenu inamwaga maziwa, na mufanyakazi wangu hawezi. Nikasema tena: sisi tunapunguza mwanga wa écran, kioo ya ordinateur, juu ya kulinda batterie ya panneau ya jua, na kijivu yenu hatuione.

PAPA RADIO: Aah! Kijivu! Nani alisema kijivu?

TURBO: Na wao? Walicheka?

ASTRID: Niliogopa watacheka. Mumoja akajibu kama maisha yake yote hakuwaza vile. Mwingine akasema: juu ya nini kila muntu asiweke picha yake ku kila alama? Mumoja akaanza kuiandika, wengine wakamusahihisha, wakabishana zaidi yenu ninyi. Juzi wakatoa mupya, na jana nikaishusha ku internet kule Goma. Sasa unaweza kukuza alama, kuipatia rangi, hata kuweka picha ulichora mwenyewe.

Mama yangu! Kama ungewaona! Turbo alisimama juu ya benchi, ubao ikalia.

TURBO: Kwa hiyo sisi watu wa Sake tumerekebisha mashini ya dunia nzima!

PAPA RADIO: Mimi njo nilianza.

TURBO: Waongeze alama ya moto. Unafinya, foto inafika Goma mbele ya mwenyewe, bila barrière hata moja mu njia.

FUROMAJI: Waongeze ng'ombe. Unafinya, picha inanona.

PAPA RADIO: Waongeze radio ndani ya foto. Muntu akiangalia kadi yangu, inamusomea habari. Chema chajiuza!

MIMI: Na Kampire, alichagua picha gani?

ASTRID: Mutaona. Mimi mwenyewe ninaogopa. Kuchagua aliisha kuchagua. Kufinya hajafinya.

Hapo njo lori yenye kwenda Walikale ilisimama. Mwanaume mumoja akaruka chini na sakoshi yake, vumbi mupaka ku kope. Jina lake Émile, mwalimu. Kadi yake ilipotea wakati wa kukimbia vita, na kesho wanaandikisha watu kwao. Alitaka foto za kadi mbele ya dereva kumaliza kula sambusa. Dereva alikuwa na sambusa moja tu mu mukono, na aliisha kuing'ata.

Astrid alishika ubao ya benchi kwa mikono miwili. Akaita: «Kampire, muteja!» Yeye mwenyewe hakuinuka.

Sisi wote tukageuka ku dirisha. Kampire akamuweka Émile ku ukuta, akamuambia inua kidevu, akapiga. Akakaa mbele ya ordinateur. Sura ya Émile ikatokea ku écran, na nyuma yake mbao zetu nyeusi zenye misumari. Kule barabarani dereva akapiga honi. Souris ya Kampire ikaanza kutembea, na mimi nikaona, Yesu wangu, inaenda ku burashi. Mazoea ni kitu mubaya. Astrid alifunga macho. Papa Radio akaingiza kichwa mu dirisha.

Souris ikasimama. Ikarudi juu. Na pale, pale penye ndoo ilikuwaka, kulikuwa picha mukubwa yenye rangi: cyansi, chombo cha mti cha maziwa, kimesimama wima, na mufuniko yake ya kusuka juu. Kampire aliichora mwenyewe. Akaifinya. Akafinya nyuma ya kichwa cha Émile.

Nyeupe ikajaa! Mbao zikaisha, misumari ikaisha, nyeupe safi kutoka pembe hii mupaka ile.

KAMPIRE: Imejaa!

FUROMAJI: Cyansi! Munaona? Maziwa inaingia ndani, haimwagike!

KAMPIRE: Imejaa, Astrid! Imejaa!

Nilipiga vigelegele mupaka wauza ndizi wakakimbia kuuliza nani ameolewa. Turbo alimubeba Papa Radio, Papa Radio akalia habari za mugongo yake. Astrid alikuwa analia na kucheka pamoja, anajipiga ku magoti: «Ninaenda kuzaa! Ninaenda kuzaa na roho nyeupe!» Na mimi nasema wazi, furaha ya namna ile sikuionaka tangu siku tulirudi kutoka ku ukimbizi na kukuta nyumba ingali imesimama.

Émile akatoka na foto zake mu mukono, anazipulizia zikauke. Akaziangalia, akatuangalia. Dereva akapiga honi tena.

ÉMILE: Ni muzuri kabisa. Na hii programu, mwenyewe ni nani? Nataka nimuachie asante.

Turbo akaangalia moto yake. Furomaji akaangalia Turbo. Papa Radio akaninyooshea kikombe. Nikainamisha termosi: hata tone hakubaki. Astrid akainua mabega.

ÉMILE: Haina mwenyewe?

Kampire alitoa kichwa ku dirisha, anafuta souris na pembe ya kitenge chake.

KAMPIRE: Iko naye, Mwalimu. Tuko wengi. Asante yako imefika. Anayefuata aingie!

Astrid akaokota sakoshi yake chini ya benchi na kumuambia Turbo awashe moto yake, Bweremana iko mbali.