Bibi Yetu Lydia, Mtoto wa Ngapi

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Sekei na wote mlioacha kazi zenu kuja kutushika mkono, shikamooni na poleni. Mimi ni Jackline, mjukuu wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake.

Bibi yetu Lydia alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mlimani juu ya Kikatiti, kwa mzee Abdiel na mama Esther, ambao wote wametangulia. Hapa huwa tunasema mtoto wa ngapi, mimi sitasema, naomba mnivumilie.

Alisoma hapo kijijini hadi darasa la nne, mwaka 1963, kisha akafundishwa cherehani, na tangu 1970 alishona Ngarenaro, sare za shule na majoho ya kwaya, kwa miaka thelathini na nane. Tarehe 9 Desemba 1972 alifunga ndoa na babu yetu Peter, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja.

Mwaka 1994 mama yake, akiwa anakata roho, aliita mara tatu jina la mtoto ambaye hakuna aliyemjua, na tangu siku hiyo bibi hakutulia. Alitafuta kwenye kitabu cha ubatizo, akalikuta jina hilo, mwaka 1949, baba Abdiel, mama hakuandikwa, na akina Abdiel usharikani walikuwa wawili. Kila Pasaka alipofyeka makaburi ya wazazi wake, alifyeka pia mahali patupu pembeni, urefu wa mtoto, akiniambia, "Hapa pia, mama, usipasahau."

Kisukari kilimpata 2016, figo zikashindwa mwaka jana, nikaacha shule kidato cha pili nimwuguze, na kitandani aliniomba siku ya kumzika nimsome mtoto huyo kuwa kaka yake. Babu Meshack, mdogo wake, alinikataza, akasema, "Ukishasoma msibani, mjukuu wangu, hakuna wa kufuta, na familia ya yule Abdiel mwingine nao wana mama yao." Nimefikiri siku tatu. Sina uthibitisho, kwa hiyo jina silitaji, ila mwenye kujua lolote amwone babu Meshack, kwa faragha, matanga yakiisha.

Bibi alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na mafundi wenzake wa Ngarenaro mlioshona gauni alilovaa leo.

Bibi, jina sijalisoma, lakini sijasema wewe ni wa kwanza. Pasaka nitafyeka pote. Pumzika kwa amani.