Mzee wa Mapungufu na Kituo cha Thelathini na Tatu

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatatu tarehe 4 Machi 1963, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mpanga barua wa posta na mshonaji wa sare za shule. Walikaa vyumba viwili nyuma ya posta, ambako mihuri ilisikika ikigongwa tangu asubuhi. Mama yake alisimulia kwamba alikuwa mtoto asiyelia, mpaka akawa anamfinya kidogo apate kuhakikisha kuwa yu mzima.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1987. Dada yake mkubwa anakumbuka siku aliyozaliwa kitinda mimba wao. Marehemu, wakati huo ana miaka minane, alitumwa apeleke habari nyumba kumi. Alimwambia jirani wa kwanza, akamwomba awaambie wengine, akaenda zake kucheza mpira. Kufikia jioni nyumba tisa zilikuwa zimekuja kupongeza. Ya kumi ilinuna mwaka mzima.

Tarehe 2 Septemba 1991 aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza programu za mitandao ya kompyuta. Kazi yake aliwaeleza wanawe mezani kwa vijiko na vikombe. Mtu mmoja ana habari ya kuwapa watu mia. Badala ya kuituma mara mia, anaituma mara moja tu, na kila penye njia panda ya mtandao, mashine iitwayo ruta huinakili na kuipeleka upande wa wale walioiomba. Yeye aliandika programu iliyoiongoza ruta hiyo. Binti yake mdogo aliwahi kumuuliza, "Na wasioiomba?" Akamjibu, "Hao hawapati, mama. Lakini aliyeomba lazima apate."

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1992 na mwalimu wa hesabu, waliyefahamiana alipokwenda shuleni kwake kutengeneza mashine ya kuchapia. Mashine ilipona siku ya kwanza, naye akarudi mara nne zaidi kuikagua. Walijaliwa mabinti wawili. Mkewe alikuwa akisema kwamba huyu bwana akimaliza kuosha vyombo hukupa taarifa ya sufuria lililobaki na doa.

Kila toleo la programu yake lilitoka na karatasi yenye kichwa "Mapungufu Yanayojulikana", ili mteja ajue kabla ya kununua kile ambacho programu haiwezi. Karatasi ya mwaka 1996 ilikuwa na mambo kumi na moja, na ilikuwa imejaa mpaka chini. Lilibaki la kumi na mbili: programu iliweza kukumbuka njia thelathini na mbili tu. Ukiifungia ya thelathini na tatu, ilipokea bila kulalamika, kisha haikuipelekea kitu. Mkuu wake wa kazi alichungulia akasema, "Nani atafunga njia thelathini na tatu? Acha ikae karatasi moja, inapendeza." Marehemu alicheka, akaliacha bila kuliandika.

Ofisi moja ya kuangalia mto iliinunua programu ile ili itume tahadhari za mafuriko kwenye vituo vya kandokando ya maji. Vituo vilikuwa thelathini, kila kimoja na njia yake, baadaye vikaongezwa vitatu. Fundi aliyekiunganisha cha mwisho alikijaribu kwa salamu ya moja kwa moja, isiyopita kwenye programu ile, kikaitika, akafunga sanduku lake la vifaa akaondoka. Jumanne tarehe 13 Aprili 1999, saa tisa alasiri, tahadhari ilitumwa mara moja kwa vituo vyote. Thelathini na viwili viliipata, watu wakapanda juu. Katika cha thelathini na tatu, mlinzi wa kituo alikuwa amekaa mbele ya mashine akiitazama. Mkewe alikuwa chini ukingoni anaanua nguo. Maji yalimchukua.

Kampuni iliandika kwamba mvua ilikata waya. Marehemu aliisoma taarifa ile, akahesabu vituo kwa kidole, akarudi nyumbani mapema na hakugusa chakula.

"Mke wangu," alisema, "waya haukukatika."

Siku ya tatu walisafiri pamoja, saa sita nzima njiani, mpaka kwa yule mlinzi. Mke wa marehemu alibaki langoni na alisikia kila neno.

"Bwana, programu ile niliiandika mimi. Nilijua ina kasoro, na sikuitaja."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kuitaja kungekuchukua muda gani?"

"Mstari mmoja."

Mlinzi aliinuka. "Umeshasema. Sasa nenda, nimeacha kitu jikoni."

Kutoka langoni mkewe aliliona jiko lile la nje. Lilikuwa na majivu baridi.

Marehemu aliandika maneno hayo hayo kwa kampuni na kwa ofisi ya mto. Kampuni ilimvua cheo, ikamshusha chumba cha chini kupokea simu za wateja, na huko alikaa miaka mitatu. Aliporudishwa kwenye kazi yake, karatasi ya mapungufu haikuwa na kikomo tena. Mteja mmoja alimpigia akauliza, "Hii ni programu au cheti cha hospitali?" Wenzake wakampa jina la Mzee wa Mapungufu, naye akaliitikia. Mwaka 2015 kijana alipokuja kumposa binti mkubwa, alimuuliza mapungufu yake yanayojulikana. Kijana akasema, "Sina, baba." Akamjibu, "Basi hujajipima, mwanangu. Nenda, rudi Jumapili." Binti alikasirika: "Baba, huyu ni mtu." Jumapili kijana alirudi na mambo saba, na leo ndiye mkwe wetu.

Februari 2023 alianza kulalamikia maumivu ya tumbo. Madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alimwomba daktari amweleze yote, na alipoelezwa alimshukuru kama mtu aliyepewa stakabadhi.

Mwezi Oktoba, wodini, mkewe akimlisha uji, marehemu alianza kuzungumzia wasifu huu.

"Uandikwe pamoja na kituo cha thelathini na tatu."

"Mume wangu, siku hiyo ni ya kukulilia. Si ya kukushtaki."

"Watanisifu mpaka nisijitambue. Atakayekuja kujua baadaye atasema na wewe ulificha."

"Na watoto? Wasikie hivyo mbele za watu?"

"Watoto wanajua nilipotea wapi. Wasichokijua ni kama wewe utakubali kusema."

Mkewe alikipangusa kidevu chake kwa kitambaa, akasema uji unapoa. Alidhani atamjibu akipata nafuu. Nafuu haikuja, na kwa wiki mbili za mwisho marehemu hakuweza kusema, alimfuata tu kwa macho kila aliposogea kitandani. Siku moja mkewe alimwinamia kumjibu, nesi akaingia kubadili dripu, naye akampisha, na jibu likangoja. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Novemba 2023, saa nne na robo asubuhi, mkewe akiwa amekwenda kuchota maji ya kumnawisha.

Wapo waliomshauri mjane, kwa mapenzi mema, sehemu ya kituo kile iondolewe. Shemeji yake alimwambia, "Dada, mtu amekwenda, mfunike." Alifikiri siku mbili. Kisha ameomba isomwe yote, kwa sauti, na hapa mbele ya jeneza, kwa kuwa hili ndilo jibu alilochelewa kumpa.

Mlinzi wa kituo alipelekewa habari ya msiba. Hakujibu. Familia haikutegemea ajibu, na haimlaumu.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu wawili, dada yake mkubwa na wadogo zake wawili. Kaka yake alimtangulia mwaka 2008.

Ulale salama, mume na baba. Tumeisema, na umeondoka huna ulichotuficha.